Kazi ya Jeshi Kabla ya Vita: Ni Nani Anashika Daftari?

(Maneno ya hotuba iliyosomwa na karani mmoja wa mgodi mbele ya wafanyakazi wenzake na jamaa zao, Likasi)



Mmeniomba niseme juu ya jeshi. Wengine wameuliza: karani wa mgodi anajua nini juu ya bunduki? Nawajibu wazi: juu ya bunduki nawaachia wenye kuzibeba. Lakini bunduki ni sehemu ndogo ya jeshi. Jeshi ni watu wanaoandikwa majina, wanaolishwa, wanaovikwa, wanaolipwa, wanaopewa amri, tena wanaopelekwa mbele ya hakimu wakikosa. Mambo hayo yote yanatengenezwa katika biro, mbele ya risasi ya kwanza kupigwa. Na juu ya biro, daftari na saini, karani ana haki ya kusema neno.

Neno langu la leo ni hili. Askari anashinda au anashindwa wakati wa amani. Na kazi ya wakati wa amani haiko katika mikono ya jeshi peke yake. Iko katika mikono ya biro nyingi za serikali. Biro hizo zisiposemezana, siku ya vita anayelipa deni ni raia.

VITA VINAANZA SIKU GANI?

Wakubwa wa jeshi la Marekani waliandika katika mafundisho yao ya mwaka wa 2006 ya kwamba vita vina hatua sita, tangu sifuri mpaka tano. Hatua ya kwanza ni kumzuia adui kwa kumtisha. Ya pili ni kushika uongozi wa mapigano. Ya tatu ni kumshinda. Ya nne ni kutuliza nchi. Ya tano ni kurudisha mamlaka kwa wakubwa wa raia. Na hatua ya sifuri ni ile ya amani, wakati watu wanalala na watoto wanaenda masomoni. Hiyo wanaiita kutengeneza hali ya nchi, ili vita visitokee, ao vikitokea viwakute marafiki wamekwisha kuwa tayari. Mwaka ule ule Jenerali Charles Wald, aliyekuwa naibu wa mkubwa wa majeshi ya Marekani katika Ulaya, aliandika makala juu ya hatua hiyo ya sifuri. Siku zile sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa chini ya biro yake ya Ulaya.

Basi, katika hatua ya sifuri wanafanya nini? Wanafundisha askari wa nchi rafiki. Wanafanya mazoezi pamoja nao. Wanaita maofisa wao kwenda kusoma ng'ambo. Wanachimba visima, wanatengeneza zahanati na masomo, wanatibu watu na nyama za kufugwa, wanakusanya habari, wanajua njia na viwanja vya ndege.

Wandugu, tazameni vizuri orodha hiyo. Kisima ni kazi ya nani? Ni kazi ya watu wa maji. Zahanati ni ya watu wa afya. Somo ni la watu wa elimu. Urafiki na nchi nyingine ni kazi ya balozi. Askari akiingia peke yake katika mambo hayo, ameingia katika nyumba za wengine bila kubisha hodi. Na balozi akifanya urafiki bila kumwambia askari, wanaweza kukutana njiani, huyu anajenga na yule anabomoa.

Sisi watu wa mgodi tunalijua jambo hilo bila kusoma kitabu cha jenerali. Mbele ya kupiga baruti, watu wa kutoboa mwamba wanapaswa kumaliza na kutoka. Mtu wa mashini ya kupandisha watu anapaswa kujua saa. Watu wa pampu na watu wa hewa wanapaswa kujua. Kapita anapaswa kuhesabu watu wake. Kila mmoja akifanya kazi yake vizuri sana, lakini asimwambie mwenzake, baruti itaua watu ambao wote walikuwa wafanyakazi hodari. Katika vitabu vya wakubwa jambo hilo linaitwa jina refu: ulinganifu wa kazi kati ya idara za serikali. Sisi tuseme tu: kusemezana.

MEZA MOJA, BAKULI MBALIMBALI

Wamarekani wenyewe walijaribu kuweka meza moja. Tarehe 1 Oktoba 2007 walianzisha uongozi wa kijeshi kwa ajili ya Afrika, unaoitwa AFRICOM, na tarehe 1 Oktoba 2008 ukaanza kusimama peke yake. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Jenerali William Ward. Chini yake waliweka manaibu wawili: mmoja askari, na mwingine mtu wa kiraia kutoka wizara ya mambo ya nchi za nje, Balozi Mary Carlin Yates. Hilo lilikuwa jambo jipya kwao. Walitaka mtu wa ulinzi, mtu wa ubalozi na mtu wa misaada wakae pamoja, wafikiri pamoja, na mmoja asishangae kazi ya mwenzake.

Nchi nyingi za Afrika ziliingiwa na mashaka. Ziliuliza: hawa wanakuja na visima ao na mizinga? Biro kubwa ya AFRICOM ikabaki Stuttgart, katika Ujerumani.

Lakini kulikuwa na shida nyingine ndani ya nyumba yao wenyewe. Tarehe 26 Novemba 2007 Robert Gates, aliyekuwa waziri wao wa ulinzi, alisema katika hotuba huko Kansas ya kwamba nchi yake ilikuwa na watumishi wa kazi ya ubalozi karibu 6,600 tu. Alisema hesabu hiyo haifiki ile ya watu wanaohitajiwa kwa manowari moja ya kubeba ndege pamoja na merikebu zinazoisindikiza. Tena alisema ya kwamba makuta yote yaliyoombwa kwa mambo ya nje, dolari miliari 36, yalikuwa chini ya yale ambayo wizara yake inatumia kwa matibabu peke yake. Sikilizeni vema: aliyesema hivyo ni waziri wa askari, naye alikuwa anawaombea wenzake wa kiraia waongezewe makuta.

Tujifunze hapa. Meza inaweza kuwa moja, lakini bakuli zisipolingana, mwenye bakuli kubwa ndiye atakayepanga chakula cha wote. Biro ya askari ikiwa na watu na magari, na biro ya maji, ya afya na ya sheria zikiwa na kiti kimoja na kalamu moja, basi hata kazi ya amani itapata sura ya kijeshi. Hapo hapahitajiwi mtu mwenye nia mbaya. Makuta yenyewe yanasukuma mambo upande huo.

TREN YA SIASA NA BEHEWA LA JESHI

Tusiseme mambo ya ng'ambo tu. Tutazame mambo yetu ya zamani, maana wazee waliyaona kwa macho.

Force Publique ilianzishwa katika miaka ya 1880, wakati wa Mfalme Leopold wa Pili. Kazi yake ya wakati wa amani ilijulikana na kila mtu: kulinda mamlaka ya Bula Matari mbele ya watu. Watu wa mgodi hawawezi kusahau mwezi wa Desemba 1941 huko Elisabethville, wakati askari walipowapiga risasi wafanyakazi waliogoma wakidai mshahara. Jeshi lile lilikuwa na mazoezi, lilikuwa na nidhamu, lilikuwa na mavazi safi. Lakini hali ya nchi liliyoitengeneza ilikuwa hali ya mtu kuogopa askari wa kwao.

Kiisha, tangu Januari mpaka Februari 1960, wakubwa wa siasa walikutana Brussels katika Meza ya Mviringo. Wakakata shauri: uhuru tarehe 30 Juni 1960. Jambo lililofikiriwa kuwa la miaka mingi likawa la miezi mitano. Lakini biro ya jeshi ilibaki na mpango wake wa zamani. Askari walikuwa karibu 25,000, maofisa wao karibu 1,000, na katika maofisa hao hakukuwa Mkongo hata mmoja. Tren ya siasa ilikwisha kuondoka, behewa la jeshi lilibaki stesheni.

Tarehe 5 Julai 1960, siku tano tu nyuma ya uhuru, Jenerali Janssens aliandika ubaoni mbele ya askari ya kwamba mbele ya uhuru na nyuma ya uhuru ni sawasawa. Jioni ile uasi ulianza katika Kambi Hardy huko Thysville. Tarehe 10 Julai askari wa Ubelgiji wakaingia kazini katika nchi yetu, na tarehe 11 Katanga ikatangaza kujitenga. Yaliyofuata mnayajua, jamaa nyingi zingali zinalia.

Watu wanapenda kumlaumu Janssens juu ya ubao wake. Mimi nauliza maulizo ya karani: katika ile miezi mitano, nani alipewa kazi ya kupatanisha tarehe ya Brussels na daftari la vyeo la jeshi? Mwanasiasa alikuwa na karatasi yake, jenerali alikuwa na karatasi yake, na karatasi mbili hazikuwekwa juu ya meza moja. Huo ndio mfano wetu wa kwanza wa amani iliyopotezwa.

TANGU KISANGANI MPAKA MINOVA

Sasa tuje karibu. Mfano wa pili ni mzito, nami nitausema kwa heshima, maana mama zetu na dada zetu wamo ndani yake.

Mwezi wa Februari 2010 Wamarekani walianza kufundisha batalioni moja ya jeshi letu huko Kisangani. Batalioni hiyo inaitwa ya 391 ya makomando. Walikuwa watu karibu 750. Ilitakiwa kuwa batalioni ya mfano, ili nyingine zitazame na kufuata. Mafundisho yalimalizika Septemba mwaka ule. Haki itendeke: kazi ile haikuwa ya kubahatisha. Wizara yao ya mambo ya nje ilikuwamo, na askari wao wa kazi maalumu walikuwamo. Walifundisha kupiga shabaha na kutembea porini, lakini walifundisha tena heshima kwa raia, na kukataza ubakaji. Hata kilimo na ufugaji wa samaki viliingizwa, kusudi batalioni iweze kujilisha na isipore mashamba ya watu. Ukitazama karatasi zake, utasema: hapa watu wamesemezana.

Miaka miwili ikapita. Mwaka wa 2012 vita vya M23 viliwaka Kivu ya Kaskazini, na batalioni ya 391 ilikuwa kati ya vikosi vilivyopelekwa kule. Tarehe 20 Novemba 2012 Goma ilianguka. Askari wa serikali walirudi nyuma bila mpango, vikosi vikachanganyika, wengi wakafika Minova, kando ya Ziwa Kivu. Katika siku zile za mwisho wa Novemba, askari wetu waliwaangukia raia wetu. Biro ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilifanya uchunguzi, na katika ripoti yake ya Mei 2013 ilihesabu wanawake 102 na wasichana 33, wengi wao wamebakwa na askari wa serikali katika Minova na kandokando yake. Umoja wa Mataifa uliambia serikali yetu ya kwamba utakata msaada kwa batalioni mbili kama wakosaji hawapelekwi mbele ya sheria. Moja ni ya 41. Nyingine ni ile ile ya 391, batalioni ya mfano.

Si vema kusema ya kwamba kila mtu wa batalioni ile ni mkosaji, wala ya kwamba wakosaji wote walitoka humo. Vikosi vilikuwa vingi. Watu 39 walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi huko Goma, na hukumu ilitolewa tarehe 5 Mei 2014. Waliohukumiwa kwa ubakaji hawakufika watano. Wengi walihukumiwa kwa makosa mengine, kama wizi. Mama waliotoa ushuhuda wakiwa wamefunika nyuso walirudi nyumbani na hesabu hiyo.

Wandugu, maulizo yanakuja yenyewe. Mafundisho yalikuwa mazuri, juu ya nini matunda yakawa machungu? Wengine wanasema: wageni walifundisha vibaya. Wengine wanasema: askari wetu hawafundishiki. Mimi nakataa majibu hayo mawili. Mgeni alikaa na askari kwa miezi. Nyuma yake askari alibaki na serikali yake kwa miaka. Nani alimlipa katika miaka ile miwili, na kwa njia gani? Jamaa yake ililala wapi alipopelekwa mbali? Chakula kilimfikia kwa gari la nani? Kikosi kikirudi nyuma, nani alikuwa na amri ya kukikusanya, kukihesabu na kukitenga na nyumba za raia? Hakimu wa kijeshi alikuwa umbali gani? Hayo si mambo ya mwalimu wa Kisangani. Ni mambo ya biro za Kinshasa na za majimbo: ya ulinzi, ya fedha, ya sheria, ya mambo ya ndani. Biro za wageni zilikaa meza moja kutengeneza batalioni. Biro zetu zilipaswa kukaa meza moja kuitunza. Kutengeneza bila kutunza ni kununua mashini mpya na kukosa mafuta ya kuipaka.

WAALIMU WENGI, DARASA MOJA

Tena batalioni ya Kisangani haikuwa peke yake. Wabelgiji walifundisha batalioni huko Kindu. Waafrika wa Kusini walifundisha hapa karibu yetu, Mura. Waangola walifundisha Kitona. Kila mmoja alikuja na amri zake, na desturi zake za kazi. Mtoto anayefundishwa kuhesabu na waalimu wanne, kila mmoja na kitabu chake, atafika siku ya mtihani na vitabu vinne na jibu hakuna. Mwalimu wa kigeni hawezi kulaumiwa kwa kuleta kitabu chake. Mwenye masomo ndiye anayepaswa kusema: hapa tunafuata kitabu hiki.

Kumbukeni vilevile mambo ya kuchanganya majeshi, yaani brassage, nyuma ya amani ya mwaka wa 2003. Wapiganaji wa makundi yote walipaswa kuchagua: kurudi katika maisha ya kiraia ao kuingia katika jeshi moja la taifa. Waliochagua uraia walipokelewa na biro moja, CONADER, nayo ilipata makuta ya Banki ya Dunia na nchi za msaada. Waliochagua jeshi walipokelewa na biro nyingine, ya kijeshi. Lakini kwa kanuni zake Banki ya Dunia haikuweza kulipia mambo ya jeshi. Matokeo yake? Mlango wa kutoka ulikuwa na makuta, na mlango wa kuingia ulikuwa na mahema mabovu, maji machafu na magonjwa. Biro mbili, sheria mbili, mifuko miwili, na mtu ni mmoja. Kisha tunashangaa akikimbia kambi na kurudi porini kwa mkubwa wake wa zamani, ambaye walau alikuwa anajua jina lake.

DAFTARI LA MSHAHARA

Nimesema mabaya, niseme na jema, maana liko, nalo linamfurahisha karani.

Tangu Juni 2005 Umoja wa Ulaya ulituma watu wachache, ujumbe ulioitwa EUSEC, kusaidia serikali kutengeneza jeshi. Hawakuanza na bunduki. Walianza na daftari la mshahara. Desturi ya zamani ilikuwa hivi: makuta ya askari yalitoka Kinshasa, yakapita mkononi mwa kamanda, kamanda akashusha kwa mdogo wake, na mdogo kwa mdogo. Mnaelewa kilichofika chini. Tena kamanda mwenye askari 400 alikuwa na faida kuandika 700. Wafu walipokea mshahara kila mwezi, nao hawakulalamika hata siku moja.

EUSEC pamoja na wakubwa wetu walifanya jambo rahisi. Walitenga njia ya amri na njia ya makuta. Anayeamuru askari asiwe ndiye anayemlipa. Kiisha wakahesabu watu mmoja mmoja, kwa sura na alama za vidole, wakawapa kadi. Hesabu ya askari waliokuwa katika vitabu ilikuwa karibu 190,000. Nyuma ya kuhesabu ikashuka karibu 120,000. Fikirini, wandugu: vivuli elfu makumi, na kila kivuli kina mfuko.

Kazi ile haikumaliza shida zote. Mshahara ulibaki mdogo, na njia za benki hazifiki kila kambi. Lakini inatuonyesha jambo: biro ya ulinzi na biro ya fedha zikishika daftari moja, askari anapata kidogo zaidi, mwizi anapata kidogo chini, na raia anapumua. Kampeni nzima ya vita haijafanya kwa askari wa chini kile ambacho mstari mmoja katika daftari ulifanya.

Chini ya udongo tuna chumba cha taa. Kila mtu anayeshuka anachukua taa yenye nambari yake, na akipanda anairudisha. Saa ya kumaliza kazi, msumari usio na taa unamwambia mlinzi: kuna mtu hajapanda, mtafuteni. Mlinzi wa taa hachimbi hata jiwe moja la shaba, lakini bila yeye watu wangekufa bila kujulikana. Jeshi linahitaji chumba cha taa. Siku askari waliporudi nyuma kuelekea Minova, nani alitazama misumari?

SHERIA YETU YENYEWE INASEMA

Hatuna haja ya kuomba kitabu kwa jirani. Katiba yetu ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 187, inasema jeshi linalinda nchi na mipaka yake, na tena, wakati wa amani, linashiriki katika maendeleo ya uchumi, ya jamii na ya utamaduni, pamoja na kulinda watu na mali zao. Kifungu cha 188 kinasema jeshi ni la jamhuri, halina chama, nalo liko chini ya mamlaka ya raia. Kifungu cha 192 kinaweka Baraza Kuu la Ulinzi, linaloongozwa na Rais wa Jamhuri, na asipokuwapo, na Waziri Mkuu. Basi hatua yetu ya sifuri imeandikwa. Meza moja imeandikwa. Kinachobaki ni watu kukaa juu ya viti, na wananchi kuuliza kama wamekaa.

Najua kuna atakayesema: mambo ya jeshi ni siri, watu wadogo wanyamaze. Ninakubali ya kwamba njia ambayo kikosi kitapita kesho ni siri, na anayeisema ni msaliti. Lakini njaa ya askari si siri. Adui anaijua mbele ya mbunge. Mshahara uliopotea si siri ya taifa, ni wizi. Na kunyamaza juu ya wizi hakujapata kulinda mpaka wowote.

Mwingine atasema: makuta hayapo. Nami nasema, kusemezana ni dawa ya maskini. Nchi tajiri inaweza kufanya kazi moja mara tatu, biro tatu zikifanya bila kujuana, na bado ikabaki na chakula. Sisi hatuwezi. Kwa sababu tuna kidogo, kila franka inapaswa kupita katika daftari linalojulikana na wote.

MAULIZO MATANO

Kwa hiyo ninawaomba mchukue maulizo haya matano, na kila mbunge anayekuja kuomba sauti yenu mumuulize.

La kwanza: askari wa jimbo letu analipwa na nani, kwa njia gani, na daftari la hesabu linatazamwa na biro gani isiyo ya kijeshi?

La pili: nchi za kigeni zinazofundisha askari wetu, nani upande wetu anawapa kitabu kimoja cha kufuata, na nani anaitunza batalioni siku wageni wamekwenda?

La tatu: jamaa ya askari inakaa wapi? Maana mtu ambaye mke na watoto wake wanalala nje hawezi kulinda nyumba ya mwingine kwa moyo mmoja.

La nne: kikosi kikishindwa na kurudi nyuma, ni nani ana kazi ya kukipokea, kukihesabu na kukilisha mbele ya kufika katika vijiji? Kurudi nyuma kunahitaji kutengenezwa wakati wa amani, sawa na kwenda mbele.

La tano: hakimu yuko wapi? Askari anayejua ya kwamba hakimu yuko karibu anafikiri mara mbili. Na mama anayejua ya kwamba hakimu yuko karibu hatabaki na maumivu yake peke yake.

Wandugu, mwisho wa Januari 2025 Goma imeanguka tena, na katikati ya Februari Bukavu ikafuata. Mwaka ule Rais Tshisekedi alitangaza kuongeza mara mbili mishahara ya askari na polisi. Ni neno jema, lakini linakuja nyuma ya hasara, na makuta mara mbili yakipita katika njia ile ile yenye matundu, matundu ndiyo yatakayokunywa zaidi. Miaka zaidi ya kumi ilipita kati ya kuanguka kwa kwanza na kwa pili. Hiyo ilikuwa hatua ya sifuri yetu, na tungeweza kuitumia.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Wizara ya ulinzi ni kidole. Wizara ya fedha ni kidole. Ya sheria ni kidole, na ya afya, na jimbo, na mtaa. Mgeni anaweza kutuonyesha namna ya kukunja ngumi, lakini vidole ni vyetu, na kukunja ni kazi yetu wenyewe.

Chukueni maulizo matano. Yaandikeni. Yasomeni katika vyama vya akiba, kanisani nyuma ya misa, na katika mistari ya kungojea mshahara. Atakayepata jibu aliandike, na tarehe, na jina la aliyejibu, alilete tuliweke pamoja. Namna hiyo na sisi tutakuwa na daftari.